Kwani Lazima Mimi Ndiye Niwe wa Kwanza?



Mgeni akifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, akishuka anapewa cheti getini. Mpagazi aliyembebea hema na chakula siku zote hizo hapewi. Mara nyingi hata kileleni hafiki, anamsubiri kambini. Sisi wa Moshi tumeshazoea, hatuoni ajabu. Lakini hebu jiulize, hapo aliyeushinda mlima ni nani?

Mbio za baiskeli zina swali hilohilo. Timu ya Tour de France ina waendeshaji 8, na kwa kawaida saba wanamfanyia kazi mmoja. Wanamkinga upepo, wanarudi nyuma kwenye gari la timu kumchukulia chupa za maji. Akipata pancha, mwenzake anaweza kuchomoa gurudumu lake mwenyewe akampa. Jezi ya njano anavaa huyo mmoja tu.

Mkenya Suleiman Kangangi aliujua ulimwengu huo. Mwaka 2017 alishika nafasi ya tatu Tour du Rwanda, na kwa miaka kadhaa aliendesha katika timu ya Kijerumani, Bike Aid. Mtu wa kiwango hicho angeweza kujitafutia yake basi. Yeye akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyoundwa ili waendeshaji wa Afrika Mashariki nao wafike kwenye mashindano ya kimataifa, ambako viza na nauli tu ni Kilimanjaro nyingine. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, akafariki dunia. Alikuwa na miaka 33.

Je, alijipoteza kwa ajili ya wengine? Mimi nasema hapana, ila naogopa jibu la haraka. Maana sisi Wakatoliki tunapenda sana kusifu kujitoa, na sifa hiyo hutumiwa vibaya. Binti anaachishwa shule ili kaka yake asome, anaambiwa ajitoe. Mpagazi anabebeshwa zaidi ya kilo 20 zinazoruhusiwa, anaambiwa avumilie. Hapana bwana, huko ni kunyonywa.

Anayejitoa ana kitu mkononi, na anakiachia mwenyewe. Yohane Mbatizaji alikuwa na jina na wanafunzi. Akawaonyesha Yesu, wakaondoka wakamfuata, wala hakuwashika kanzu. Kangangi naye alikuwa na miguu ya kushinda alipochagua kuwavuta wengine. Yule binti je, aliulizwa?

Kwa hiyo wewe unayesomesha wadogo zako kwa hela ya bodaboda, sitakuhubiria. Unajua mwenyewe kama ulichagua au ulibebeshwa, na pengine ni vyote viwili. Ila tukikutana VIWAWA Jumapili, ningependa tuanze na habari ya yule binti kabla hatujafika kwa Kangangi.