Shoka la Kuazima

Somo: 2 Wafalme 6:1–7



Habari ya Elisha na shoka tumezoea kuisoma kwa ajili ya mwujiza wake, jinsi chuma kilivyoelea juu ya maji ya Yordani. Leo nawaomba tumtazame kwanza yule aliyekipoteza. Alikuwa akikata mti pamoja na wana wa manabii wenzake, wapate kujijengea makao, na chuma kikachomoka mpinini kikatumbukia mtoni. Kilio chake hakikuwa juu ya kazi iliyosimama, wala hakusema kwamba mpini ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Alilia kwa kuwa kitu kile kilikuwa cha kuazima.

Siku zile chuma kilikuwa kitu cha thamani, na yamkini hakuwa na uwezo wa kununua kingine. Hata hivyo hakuuficha mpini kichakani. Alisema mara ile ile mbele ya mkubwa wake. Naye Elisha aliuliza jambo moja tu: kimeangukia wapi? Msaada ulianza pale mtu alipoonyesha mahali penyewe.

Lugha yetu inatufundisha vema katika jambo hili. Fedha, unga au chumvi twakopa, maana hatutarudisha vile vile, bali mfano wake. Baiskeli, jembe, sufuria au kitabu twaazima, maana kinachongojwa ni kile kile. Aliyekopa kibaba cha unga akirudisha kibaba amemaliza. Lakini aliyeazima sufuria nzima akarudisha iliyotoboka, huyo bado hajarudisha.

Torati nayo yalinena wazi. Katika Kutoka 22:14–15 twasoma kwamba mtu akiazima mnyama wa jirani yake, naye akaumia au akafa, mwenyewe asipokuwapo, sharti mwazimaji alipe. Mwenyewe akiwapo, halipi. Sababu yaeleweka: mwenye mali aliyekuwapo ameona kwa macho yake jinsi mnyama alivyotumiwa, asiyekuwapo hana ila uaminifu wa mwenzake. Kwa hiyo kitu cha mtu kikiwa mikononi mwetu naye hayupo, mzigo ni wetu.

Lakini Bwana wetu, katika Luka 6:35, awaambia wenye mali neno jingine: wakopeshe pasipo kutumaini kurudishiwa. Je, maneno haya yapingana? Hasha. Torati yale yasema na mwazimaji; Injili hii yasema na mwenye mali. Ugomvi wa majirani huanza pale kila mmoja aposhika andiko la mwenzake. Aliyevunja hushika Luka, akasema, "Wewe ni Mkristo, samehe tu." Mwenye mali naye hushika Kutoka, akasema, "Imeandikwa, alipe." Laiti kila mtu angesoma lake! Mmoja angekuja na fedha ya fundi mkononi, na mwingine angemwambia, "Ndugu yangu, acha tu."

Mimi niliinunua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa mwaka 1981, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, nami nikaipenda sana. Jirani mmoja aliiazima. Ilirudi baada ya miezi mingi, jalada limekatika na kurasa za mwanzo hazimo. Hata neno "azima" lenyewe lilikuwa limekwenda nazo. Aliiweka mezani, akasema ahsante, akaenda zake. Kilichoniuma kuliko karatasi ni kimya kile. Jioni nilimwendea, tukazungumza sisi wawili tu. Kumbe watoto waliichana, naye akaona haya kuniambia. Kamusi nyingine hakununua, wala sikumdai. Lakini salamu zetu hazikukatika.

Basi, yatupasa tushike mambo matatu.

Kwanza, wewe uliyeazima, kitu kikiharibika, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Kipeleke kwa fundi, au lipa, au kama huna, omba kulipa kidogo kidogo. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini anayelipa kwa hiari huondoa matanga hayo nyumbani mwake na kwa jirani yake pia.

Pili, wewe uliyeazimwa, usiende kulalamika kisimani, dukani na katika mkutano wa akina mama, huku mhusika mwenyewe hajui. Mathayo 18:15 yatuagiza tumwendee ndugu yetu tukiwa naye peke yake. Wako watu wanaopeana mkono wa amani kanisani, na wakitoka nje kila mmoja hushika njia yake kwa ajili ya turubai lililochanika. Neno la Mathayo 5:23–24 ni zito: acha sadaka yako, upatane kwanza.

Tatu, si dhambi kukataa. Kumbukumbu la Torati 24:6 lakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa maana ni kuchukua uhai wa mtu. Kadhalika cherehani inayolisha watoto wako yaweza kubaki nyumbani. Lakini sema kweli kwa upole. Usiseme baiskeli ina pancha, nayo haina.

Tena tumkumbuke Bwana mwenyewe. Alihubiri katika chombo cha Simoni, aliingia Yerusalemu juu ya mwana-punda wa watu, alikula Pasaka katika chumba cha mwingine. Marko 11:3 yaonyesha kwamba wale waliotumwa kumchukua mwana-punda walipewa pia neno la kumwambia mwenyewe kwamba atarudishwa upesi. Mfalme aliyekuwa akienda kufa hakusahau punda wa watu.

Jumamosi hii, kabla hatujajiandaa kwa Meza ya Bwana, kila mmoja atazame uvunguni, jikoni na rafuni. Cha mtu kimo? Kisafishwe, kitengenezwe, kirudishwe, na neno la kweli liende pamoja nacho.

Ee Bwana, uliyetukabidhi vyote tulivyo navyo, utupe uaminifu kwa vitu vya wenzetu, na moyo mpana kwa vile vyetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.