Tawakkul na habari iliyopitwa na wakati

Je, aliyepokea onyo amekwisha kutimiza wajibu wake?

Septemba 29, 2015, meli ya mizigo El Faro iliondoka Jacksonville, Marekani, kuelekea Puerto Rico. Nahodha alitegemea utabiri wa kimbunga Joaquin uliomjia kwa barua pepe, wenye ramani za kuvutia. Lakini habari zake zilikuwa zimepitwa na saa kadhaa, ilhali chumba cha usukani kilipokea taarifa mpya zaidi kwa setilaiti. Usiku, maofisa wawili wa zamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimpigia simu wakipendekeza njia ya kusini. Hakugeuza. Asubuhi ya Oktoba 1 meli ilizama karibu na Bahamas. Watu wote 33 walifariki.

Ujumbe kufika si sawa na ukweli kufika. Aliyebeba roho za watu amebeba amana: aulize habari hii ni ya saa ngapi, na amsikilize aliye chini yake. Tawakkul huja baada ya kumfunga ngamia, na kamba iliyooza haimfungi.

Kesho tutakuwa madaktari, wahandisi na mahakimu. Tujizoeze leo kuuliza.