Sindano ya paka kutoka katika kichupa cha bibi

BIBI mmoja jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, ana ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi sasa, na paka wake dume mwenye umri wa miaka 13 naye amepatikana na ugonjwa huo huo. Kila siku saa 12 asubuhi, akishamaliza nyiradi zake za Alfajiri, bibi huyu hujichoma sindano yake, kisha huchukua bomba jingine jipya, huvuta uniti moja kutoka katika kichupa kile kile, na kumchoma paka. Saa 12 jioni humchoma tena. Mwanawe anayefanya kazi Muscat, ambaye ndiye anayetuma fedha za dawa, aliposikia habari hizi alikasirika sana. Alimwambia mama yake kwa simu kwamba yeye hakwenda Arabuni kutumikia paka.

Mtaani watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno la kijana yule lina uzito wake. Wapo watoto wenye kisukari ambao wazazi wao hawana uhakika wa insulini ya wiki ijayo. Je, Muislamu mwenye akili timamu anaweza kumpa mnyama dawa ambayo binadamu mwenzake anaikosa, na akategemea thawabu?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu tunahukumu tusilolijua. Paka hupata kisukari kinachofanana na kile cha watu wazima wanaonenepa. Wanaopatwa zaidi ni paka wenye umri mkubwa, madume waliohasiwa, wanene, wanaolala barazani kutwa. Dalili zake ni zile zile za binadamu: hunywa maji mengi, hukojoa sana, hula kwa pupa na bado anakonda. Akiachwa muda mrefu, neva za miguu ya nyuma hudhoofika, naye huanza kutembea kwa visigino badala ya vidole. Huyu wa Ngamiani alifikia hapo ndipo bibi akatanabahi.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sote. Paka ameumbwa kula nyama. Mwili wake hauhitaji wanga, wala hauna uwezo mkubwa wa kuutumia. Sisi kwa mapenzi yetu tunampa wali wa nazi, mkate uliochovywa kwenye chai, maandazi, mabaki ya ugali. Tunamhasi asizurure, tunamshibisha asiwinde, kisha akiugua tunasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kadari, hatukatai, lakini mikono yetu imo. Bibi mwenyewe anakiri kwamba kwa miaka mingi alikuwa akigawana na paka wake kila alichokatazwa kula na daktari! Leo paka anakula dagaa waliochemshwa bila chumvi na vipande vya samaki, na kwa kweli gharama yake si kubwa kuliko ile ya mkate.

Sasa tuje kwenye dini. Hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka tunaijua toka madrasa. Imo katika Bukhari na Muslim. Lakini mara nyingi tunaisimulia kama kisa cha ukatili tu, tukasahau hoja iliyomo ndani yake. Mwanamke yule hakumpiga paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Dhima ilimwangukia pale alipomwondolea mnyama uwezo wa kujitegemea. Aliyemfunga ndiye anayewajibika kumlisha.

Mtu atasema paka wa bibi hakufungwa na mtu, mlango uko wazi. Ni kweli mlango uko wazi. Lakini mnyama asiyeweza kuruka ukuta, asiyeweza kumkimbiza hata mjusi, aende wapi? Ugonjwa umemfunga, na ugonjwa wenyewe umetoka katika sinia yetu. Hii ni rai yangu, sikuipata kitabuni kwa lafudhi hiyo, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Hata hivyo nilipolitafuta jambo hili nilikuta kwamba Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262 Miladia), alipozitaja haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam, haki aliyoianza ni kumtunza mnyama kwa matunzo yanayomstahiki, hata kama amezeeka au ameugua kiasi kwamba hana tena manufaa kwa mwenyewe. Tazama umakini wa maneno hayo! Hakusema mnyama wa maziwa au wa kubeba mizigo. Alikwenda moja kwa moja kwa yule tunayemtupa.

Na paka ana nafasi yake. Katika hadithi ya Kabsha, mke wa mtoto wa Abu Qatada, tunajifunza kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Wanachuoni wamezingatia kwamba neno hilo la wanaozunguka ndilo lililotumika katika Suratin-Nur, aya ya 58, kwa watu wa nyumbani wanaoingia na kutoka. Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu mpaka akatosheka.

Tukishakubali kuwa matunzo ni wajibu, swali la kijana wa Muscat bado linasimama: je, dawa ya mtu? Mimi nilikwenda kwa bibi nikaomba kukiona hicho kichupa, nikakaa naye tukapiga hesabu. Kichupa kina mililita 10, na ndani yake mna uniti 1,000. Ni insulini ya kazi ndefu, glajini, ambayo ikishafunguliwa hutumika kwa siku 28, baada ya hapo maelekezo ni kuitupa. Bibi anatumia uniti 30 kwa siku. Kwa siku 28 ni uniti 840. Zinabaki 160, ambazo kila mwezi zilikuwa zikitupwa jalalani na hakuna aliyepiga simu kutoka Muscat kulalamika. Paka anatumia uniti mbili kwa siku, yaani 56. Hata baada ya paka kupata haki yake, uniti 104 bado zinatupwa.

Kwa hiyo katika nyumba hii hakuna binadamu aliyenyimwa. Kilichokuwa kikienda jalalani kimegeuka tiba. Na mabaki hayo hayawezi kupelekwa kwa mtoto wa mtaa wa pili, kwani kichupa kilichokwisha kuchomwa sindano na mgonjwa mmoja hakigawiwi mgonjwa mwingine, na isitoshe mtoto mwenye kisukari cha utotoni huhitaji zaidi ya aina hiyo moja.

Asije mtu akasoma makala hii akaenda kumchoma paka wake kwa kukisia. Bibi alianza kwa daktari wa mifugo aliyempima paka damu na mkojo, na kipimo cha damu hakikuchukuliwa mara moja tu, kwa sababu paka akiogopa sukari yake hupanda hata kama hana ugonjwa. Ni daktari huyo aliyemweleza kuwa ipo insulini ya wanyama iliyotokana na kongosho la nguruwe, bibi akasema hapana, ndipo daktari akaona hii ya kwake inafaa. Si kila insulini ya binadamu inamfaa paka. Bomba la bibi haliguswi kwa paka, wala la paka kwa bibi, na sindano ya paka ikichovya kichupani iwe mpya kabisa. Kama paka hakula, sindano isubiri mpaka daktari aulizwe. Sukari ikishuka mno huyumba na hata kupata degedege. Hapo hupakwa asali kwenye ufizi na kukimbizwa kwa daktari. Tuishio karibu na Ikweta tumesahilishiwa jambo moja: saa 12 kwa saa 12 tunaijua bila kutazama saa. Wapo paka waliowahiwa mapema, wakabadilishiwa chakula, na baada ya miezi wakaacha sindano kabisa.

Je, hali ingekuwa tofauti? Kama kichupa kingekuwa kimoja na wagonjwa wawili, bibi na paka, na hakitoshi, basi bibi anatangulia, na hapo sioni mjadala. Kuilinda nafsi ya binadamu ni katika makusudio makubwa ya sharia. Lakini nimechoka na watu wanaomtaja maskini pale tu paka anapopewa kitu. Maskini huyo hatumkumbuki kwenye harusi, sinia za pilau zinapomwagwa kwenye mapipa usiku. Hatumkumbuki tunaponunua simu ya tatu. Anakumbukwa ghafla kwa uniti 56 za bibi.

Na insulini yenyewe tumeipataje? Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, kule Toronto, Canada, waliitafuta katika miili ya mbwa, na wengi walikufa katika majaribio hayo. Januari 1922 ndipo akachomwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Kwa miaka 60 hivi iliyofuata wagonjwa waliishi kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe, mpaka ilipopatikana ile inayotengenezwa kwa bakteria mwaka 1982. Tunawadai wanyama nini hasa, hata uniti moja iwe nyingi kwao?

Limebaki la kijana. Mimi namtetea bibi, lakini mwanawe simfanyi mtu mbaya. Anatoka jasho katika joto la Oman, na fedha hizo zina nia yake. Wanachuoni wa Kishafii wamelizungumza hili kwa mfano wa mtu aliyepewa dirham akaambiwa anunue kilemba. Ikiwa mtoaji amekusudia hasa kilemba, zisitumike kwa lingine. Ikiwa ni maneno tu ya kumkunjulia mwenzake, basi ni mali ya aliyepewa. Wiki iliyopita fedha za mwezi huu zimeingia, na ujumbe wake ulisema ni za dawa ya mama. Bibi ameniuliza kama neno hilo ni sharti au ni adabu ya mtoto kwa mzazi wake. Nimemwambia mimi siwezi kujua kilichomo moyoni mwa mtu aliye Muscat. Ampigie, amsomee ile hesabu ya kichupa, kisha amuulize mwenyewe. Amesema atapiga Ijumaa baada ya sala, kwani siku hiyo mwanawe huwa hana kazi.