Huruma na Mkono Uliofuma

Kumvika aliye uchi ni tendo la huruma. Tulifundishwa hivyo tangu katekisimu, na hapa Butembo sijasikia mtu akilipinga. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuwaandama watu wa Beni, familia zimekuwa zikifika kwetu na nguo walizolala nazo usiku wa kukimbia, na akina mama wa parokia wamefungua masanduku yao na kutoa vikwembe. Mimi ni mshonaji, na vingi vya vikwembe hivyo vimepita chini ya sindano yangu. Ila nina swali ambalo sijalisikia kwenye mahubiri: Mungu akimtazama anayetoa nguo na anayeipokea, je, humtazama pia aliyeifuma?

Historia ya pamba ya Kongo inalifanya swali hili kuwa zito. Mwaka 1917 Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, alitunga sheria ya kilimo cha lazima. Uele, Sankuru, Maniema na kwingineko, kaya zililazimishwa kupanda pamba, na kila kampuni ilipewa eneo lake: mkulima hakuruhusiwa kumuuzia mtu mwingine, na bei ilipangwa pasipo yeye. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Aliyekataa alikutana na fimbo au gereza. Sehemu kubwa ya pamba hiyo ilikwenda Ulaya, na nyingine ililisha viwanda vya nchini: Utexléo kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na Filtisaf kule Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Basi mtu mwema aliyenunua kitambaa cha pamba hiyo na kumvika maskini alitenda huruma ya kweli, huku uzi uleule ukiwa umeanzia kwenye dhuluma.

Baada ya uhuru tungeweza kurekebisha dhuluma hiyo. Miaka ya 1970 kiwanda cha Sotexki kilijengwa Kisangani: kusokota, kufuma na kuchapa rangi, yote katika mji mmoja wa kwetu. Lakini mwaka 1973 ulileta Zairianisation, yaani serikali kutwaa biashara za wageni, 1991 na 1993 uporaji, kisha vita vya 1996 na 1998. Wakulima waliacha pamba, na vitambaa vya bei rahisi vikajaa sokoni. Kinshasa, kampuni ya Congotex, mrithi wa kazi ya Utexléo, ilifunga mwaka 2007. Katika eneo la kiwanda cha zamani leo watu wanapanga nyumba na ofisi. Sotexki imepita miaka mingi ikihangaika.

Sisi wa Butembo tulijibu pengo hilo kwa biashara. Wafanyabiashara wetu walifika Dubai na Guangzhou, wakapitisha makontena Mombasa, Kampala na Kasindi mpaka hapa. Ninawaheshimu. Serikali ilipokuwa mbali, walichangia barabara.  Lakini kontena halifundishi mtu kusokota. Msichana mmoja ninayemfundisha, aliyekimbia kutoka upande wa Beni, aliniuliza, «Mama, hii pamba inatoka kwa mnyama ao kwa mti?» Anajua kukata bega la libaya, blauzi yetu, bila kupoteza hata kipande, na pamba ameiona kwenye zahanati tu. Pindoni mwa vikwembe vingi pameandikwa jina la kiwanda. Sisi washonaji ndio tunaokata pindo hilo na kulitupa, naye anayevaa hajui kamwe kitambaa chake kilikotoka.

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Mungu aliwatengenezea Adamu na mkewe mavazi kabla ya kuwatoa bustanini. Alitengeneza mwenyewe. Katika simulizi hiyo huruma na kazi havikutenganishwa: aliyevika ndiye aliyefanya kazi, wala hakuna mtu wa tatu aliyeumizwa. Sisi tumevitenganisha, tukabaki na huruma peke yake, iliyo nyepesi zaidi kubeba.

Nitaambiwa kwamba mama aliyefika jana na mtoto mgongoni hawezi kungoja kiwanda. Ni kweli, na avikwe leo, kwa kitambaa chochote kilichopo. Nazungumzia mwaka utakaofuata, anapokuwa bado anapokea. Pale Mutwanga, chini ya Ruwenzori, umeme wa maji umewezesha kiwanda cha sabuni kinachotumia mawese ya wakulima wa hapo, katika eneo lilelile la Beni lililojaa vita. Kwa hiyo kutengeneza kunawezekana hata hapa kwetu.

Ninaomba parokia zetu zinapokusanya nguo zikusanye pia mashini za kushona na karo ya kujifunza ufundi. Ninaomba wenye makontena, kabla ya kuagiza ng'ambo vikwembe vya Machi 8, Siku ya Wanawake, waulize kwanza Kisangani. Na ninaomba mapadri wahubiri juu ya mshahara wa mfumaji kama wanavyohubiri juu ya sadaka. Mama yule wa Beni ana haki ya kuvikwa. Ana haki pia ya kufuma, kulipwa kwa haki, na siku moja kumvika mwingine kwa jasho lake mwenyewe. Tukimnyima hiyo ya pili, huruma yetu imeishia nusu.