Kima cha chini cha mshahara: Je, makubaliano yanatosha?

Wiki iliyopita baada ya swala ya Isha tulikaa barazani, wanaume sita, mazungumzo yakaangukia kwenye mishahara. Mmoja wetu, mfanyabiashara na mtu wa kheri kwa kila anayemfahamu, akasema msichana wake wa kazi anamlipa shilingi 40,000 kwa mwezi, na anakula na kulala hapo hapo. Nilipomwambia kwamba kiwango hicho sheria ilishakiacha nyuma, akanijibu jibu lililowaridhisha wote: "Alikubali mwenyewe."

Ndugu msomaji, hebu tulitazame jibu hilo, kwani ndilo linaloshikilia mishahara ya watu wengi katika mji huu. Na lina uzito. Katika fiqhi ijara ni mkataba, na mkataba husimama kwa ridhaa ya pande mbili. Kama hakuna aliyelazimishwa, serikali inaingilia kwa haki gani?

Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakaleta hadithi mashuhuri ya Anas bin Malik (RA), kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamuomba Mtume (SAW) awapangie, naye akakataa, akichelea kukutana na Mola wake huku mtu akimdai dhulma ya mali. Ikiwa bei ya bidhaa haikupangwa, wanasema, basi na bei ya jasho isipangwe. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliijadili hoja hii katika Al-Hisba. Bei inapopanda kwa sababu ya uhaba, bila hila ya wauzaji, kuwalazimisha ni kuwadhulumu wasio na kosa. Lakini pale watu wanapohitaji kazi ya mkulima, mfumaji au mjenzi, mtawala aweza kupanga ujira wa mfano, yaani ule unaolipwa kwa kazi kama ile, ili mwenye kazi asimpunje fundi, na fundi naye asiwakamue watu. Upangaji huo unafunga mikono ya pande zote mbili.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili limo katika Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004. Waziri mwenye dhamana ya kazi huunda bodi za mishahara kwa sekta, zenye wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi. Bodi huchunguza na kupeleka mapendekezo kwa Waziri, naye hutoa Amri ya Mishahara katika Gazeti la Serikali. Bodi inatakiwa kupima uwezo wa waajiri kuendesha shughuli zao, gharama za maisha, kupunguza umaskini, na kiasi cha chini cha mtu kujikimu. Kwa hiyo anayesema kuwa mshahara ukipanda mno waajiri wadogo watapunguza watu, hoja yake imeshawekwa kwenye mizani.

Lakini mizani ikipimwa mara moja kisha ikaachwa, inakuwaje? Amri zilitolewa mwaka 2007, 2010 na 2013. Ile ya 2013 ilianza kutumika 1 Julai mwaka huo. Iliyofuata ilianza 1 Januari 2023. Miaka tisa na nusu! Kwa mtumishi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, ya kwanza iliweka 40,000 na ya pili 60,000. Katika muda wote huo hakuna aliyeushusha mshahara wake, na bado kila mwaka ulishuka, kwa sabuni, kwa kanga, kwa nauli ya kwenda kwao. Nabii Shuayb (AS) aliwaonya watu wake wasiwapunguzie watu vitu vyao, nasi tumezoea kudhani kwamba anayepunguza lazima aiguse mizani. Hapa mtu alipunjwa kwa mizani kutoguswa.

Amri mpya ilianza 1 Januari 2026, na kwa wastani kima cha chini cha sekta binafsi kilipanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Ni habari njema, ila wastani haufui nguo za mtu. Katika amri iliyotangulia, mfanyakazi wa kampuni ya simu alianzia 500,000 na wa shule binafsi 207,000, wakati huyu wa nyumbani alikuwa kwenye 60,000 zake. Mwenye mtumishi aitafute amri mpya ausome mstari unaomhusu. (Sisi walimu wa madrasa tunaopewa bahasha na kuambiwa ni sadaka, yetu yana siku yake.)

Ni kweli kwamba nyumba si kampuni. Lakini ni kweli pia kwamba binti aliyeletwa mjini na shangazi yake hana mkataba wa maandishi. Chama cha CHODAWU, kinachowahusu pia watumishi wa majumbani, huenda hajapata kulisikia jina lake. Akikataa kiasi alichotajiwa, anarudi stendi. Ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa ni ridhaa gani?

"Lakini anakula na kulala bure." Hadithi ya Abu Dharr (RA), inayotuagiza kuwalisha walio chini ya mikono yetu tunachokula na kuwavisha tunachovaa, ilihusu watumwa. Kama chakula ni haki ya mtumwa, vipi leo kiwe ndio ujira wa muungwana? Na 60,000 zile ukizigawa kwa siku 26 za kazi unapata 2,300 na ushee kwa siku, kwa mtu anayeamka kabla ya adhana ya Alfajiri.

Sikuyasema yote haya barazani, kwa kuwa nami nina msichana wa kazi nyumbani. Tulikuwa tunampa 70,000 na kujiona wakarimu. Usiku ule mimi na mke wangu tulimwita tukamuuliza yeye anaona alipwe kiasi gani. Alinyamaza muda mrefu, akakunja ncha ya mtandio wake, kisha akasema: "Chochote mtakachonipa sawa tu, baba." Tukapanga sisi. Tulikiandika kiasi hicho kwenye daftari, na chini yake tarehe ya kukitazama upya, Rajab ijayo.