Meza ya Wageni na Meza ya Nyumbani

Siku hizi twasikia habari za mume na mke, wasomi wote wawili, wenye kazi nzuri katika benki na makampuni ya Dar es Salaam au Nairobi, ambao huacha mishahara yao na kwenda shamba kufungua mgahawa kando ya barabara kuu. Jamaa zao hushangaa. Wengine husema wamerogwa. Wengine hulia kwamba karo waliyoilipa wazee imetupwa bure. Je, Mkristo aseme nini?

Kwanza, tusiwacheke. Bwana wetu mwenyewe alikuwa seremala. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa mtu aifanyaye, wala si kwa aina ya kazi. Basi aliyeandika hesabu za kampuni jana, akichambua mchele leo, hakushuka hata ngazi moja.

Tena jambo hili si geni katika Kanisa. Akila na Priskila, mume na mke, walitoka Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho, wakashona mahema. Mtume Paulo alikaa kwao na kufanya kazi pamoja nao. Na baadaye waamini walikusanyika nyumbani mwao. Kila mahali Maandiko yanapomtaja mmoja wao, humtaja na mwenzake.

Hapo ndipo penye shauri. Wengi huacha ofisi kwa kuwa wamechoka kurudi nyumbani watoto wakiwa wamelala. Sababu hiyo ni njema. Lakini mgahawa nao una njaa yake. Jiko lataka moto kabla ya mapambazuko; nyama na maziwa havingoji; na Dominika, siku ya wageni wengi, ndiyo siku ambayo kengele ya Misa inaita. Waliomkimbia bwana mmoja waweza kujikuta wakimtumikia bwana mkali zaidi, tena waliyemnunua kwa akiba yao wenyewe.

Tuwatazame Louis na Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, waliotangazwa watakatifu mwaka 2015. Zélie alikuwa na biashara ya lesi, Louis alikuwa fundi wa saa. Mwaka 1870 Louis aliliacha duka lake ili amsaidie mkewe, wala hakuona aibu. Lakini zamani zile alipokuwa na duka, hakulifungua Dominika, ijapokuwa wateja walikuwapo.

Kwa hiyo, ninyi mnaoiwaza safari hii, ketini kwanza mhesabu gharama, kama Bwana alivyomshauri mjenga mnara. Mmoja asimvute mwenzake kwa hila wala kwa kununa. Neno liwe la wawili. Tengeni karo ya watoto kabla ya kununua sufuria. Vijana wa kijiji watakaowaoshea vyombo walipeni ujira wa haki kwa siku yake, maana Mtakatifu Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiwa humlilia Mungu. Wekeni saa ya kufunga mlango, mle pamoja na kusali pamoja. Kuwashibisha wageni mia, na watoto wenu wenyewe wakala peke yao pembeni mwa jiko, hiyo ni hasara isiyoandikwa katika daftari lolote.

Nanyi wazee, msiwanyime baraka zenu. Elimu haipotei kwa kuvaa aproni. Nanyi jamaa, nendeni mkale kwao, lakini lipeni!

Mungu, aliyepokelewa na Ibrahimu chini ya miti ya Mamre, azibariki nyumba zinazopokea wageni, wala asikose nafasi katika meza ya wenyeji.