Roho Mpya na Deni la Kale

Miongoni mwa masuala ambayo wanafalsafa wameyashika tangu zama za Wayunani bila ya kuyamaliza ni hili: kitu kikibadilika, kwa hoja gani tutasema kwamba kingali kile kile? Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, aliizungumza kadhia ya jahazi la Theseus, lililong'olewa mbao moja moja na kutiwa nyingine, akauliza, lau mbao kuukuu zingekusanywa na kuundwa tena, ni lipi kati ya majahazi mawili hayo lililo la asili. Na John Locke, mwaka 1694, akalileta suala hilo kwa mwanadamu, akaitia roho ya mwana wa mfalme katika mwili wa fundi viatu, kisha akahukumu kwamba nafsi hufuata fahamu, wala haifuati mwili. Wao waliyawaza tu. Mafundi wa seva leo huyatenda mambo ya namna hiyo kwa mikono yao.

Kadi ya kudhibiti diski iitwayo ServeRAID M1015, iliyouzwa na IBM na kujengwa juu ya chipu ya LSI SAS2008, huja na programu dhibiti yenye ujuzi wa kuziunga diski kadhaa katika kundi moja la RAID na kuionyesha seva kundi hilo kana kwamba ni diski moja tu. Watumiaji wa mfumo wa mafaili uitwao ZFS hawautaki ujuzi huo, kwa kuwa ZFS hupenda kuziona diski zenyewe, moja baada ya moja. Basi huifuta programu ile na kuandika mahali pake nyingine, iitwayo IT, ambayo hupitisha amri na habari bila ya kutia rai yake. Hapana risasi iliyoyeyushwa wala waya uliokatwa, hata hivyo mashine iliyokuwa ikiitambua kadi kwa namba 0073 sasa huitambua kwa 0072, na huitafutia draiva nyingine.

Kazi hiyo ina mitego yake. Pengine fundi huendesha sas2flsh, programu ya kuiandikia kadi, katika DOS, ikakataa huku ikitoa kosa la PAL, naye akaihukumu kadi kuwa imekufa, ilhali kadi ni nzima na kizuizi ki katika ubao mama wa UEFI. Akitumia toleo la EFI katika sheli ya UEFI, au akiihamishia kadi katika mashine ya zamani, mambo huenda. Na ufutaji ukiwa wa kote, huondoka hata anwani ya SAS, jina la tarakimu 16 ambalo kadi hujulikana kwalo na wenziwe, na mwenye hadhari huwa amekwisha kuinakili kutoka katika kibandiko kilicho juu ya kadi.

Basi, je, kadi hiyo ni ile ile? Wenye kuupa mwili uzito watasema ndiyo. Locke atasema siyo. Na yamkini Imamu Ghazali angemuunga mkono, kwani katika Tahafut al-Falasifa alijuzisha roho kurudishwa katika mwili wa maada ile ile ya kwanza au nyingine, kwa kuwa mtu ni mtu kwa nafsi yake.

Lakini na tuziangalie diski zilizo nyuma ya kadi. Humo yamo mafaili yaliyogawanywa vipande vipande na programu ya kwanza, ambayo ndiyo iliyojua namna ya kuviunga. Ya pili huziona diski zote, wala haikufuta hata herufi moja, ila kundi lile hailijui. Mwenye mafaili ukimwambia kwamba kadi ni nyingine, amekosa wa kumdai. Ukimwambia kwamba ni ile ile, amepata mdaiwa asiyekumbuka. Na kwa majibu yote mawili mali yake hajaipata.

Hapa ndipo mafakihi walipowatangulia wanafalsafa. Wamesema kwamba toba ya kweli huondoa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, lakini haki za waja hazianguki mpaka zirudishwe au mwenyewe asamehe. Hata akifa mdaiwa, deni hulipwa katika mali yake kabla ya warithi kugawana. Kadhalika mzee aliyepotewa na kumbukumbu zote, ambaye kwa kipimo cha Locke ni shida kumwita yule wa jana, hana mrithi awezaye kuigawa mali yake maadamu yu hai, wala mdai wake hakosi haki, kwani walii humlipia. Naona basi kwamba ubaki wa kitu hautafutwi ndani ya mwili wala ndani ya kumbukumbu peke yake, bali hutafutwa katika yale kinayodaiwa na wengine.

Atakayepinga atasema kwamba kadi si mukalafu, haina dhima. Ni kweli, na kwa sababu hiyo dhima humhamia aliyeamua kuifuta. Kwa hiyo, kabla ya kuandika amri ya kwanza, ni wajibu wake kuyanakili mafaili mahali pengine na kuyafungua ahakikishe kwamba yanasomeka, kwani baada ya hapo deni ni lake, na mwenye mali hana mwingine wa kumwendea.